Ng'ambo Niliyoiandika Mimi

Wakati watu wa tume ya uchaguzi walisema mipaka ya kura itachorwa upya, wanamama wa parokia walinichagua niandike barua. Mimi njo nilisoma kalasi ya mangaribi, ya kujifunza kusoma na kuandika, nikiwa muntu muzima. Kartye yetu, mutaa wetu, iko mashariki ya muto Lualaba. Gare ya treni, soko kubwa na biro zote za serikali ziko upande wa pili. Tuliogopa watatukata mu mji, watuunganishe na vijiji vya mu pori, na depute wetu wa bunge awe muntu asiyejua hata njia yetu.

Niliandika: "Tunaomba tubakie kupiga kura pamoja na ng'ambo." Nilipowasomea, wakapiga makofi. Kwetu, ng'ambo njo mji. Nilisali rozari nzima, nikavuka na mutumbwi, nikaipeleka.

Baada ya miezi, karatasi ikabandikwa: tumewekwa na vijiji. Nikaenda ku biro. Bwana wa tume alitoa barua yangu, akaweka kidole juu ya lile neno.

"Mama, si mwenyewe uliomba? Ng'ambo njo kule kwenu, mpaka ku vijiji."

"Shefu, ng'ambo njo huku."

"Huku ni mu mji." Akaita wenzake waje wasome. "Anaomba kitu, anapewa, analia."

Mimi sikulia. Neno lile nilikuwa ninalijua, na bado mukono wangu uliliandika.

Miaka ya nyuma, mu vita, nikiwa na mimba ya kwanza, nilivuka kuuza mihogo. Askari walioshika mji waliniuliza ku bandari: "Bwana yako analala wapi?" Alikuwa anafanya kazi ku gare, analala palepale, ndani ya mji wao. Nikajibu vile tunasemaka kwetu: "Analala ng'ambo." Wao wakasikia upande wa mashariki, kwa adui zao wa mu pori. Wakamutafuta, wakamukuta ku gare, wakasema ni mupelelezi wa adui. Mwenzake wa kazi aliniambia hawakumuuliza mengi. Walimwambia tu: bibi yako amesema. Hata mwili hawakunipa.

Muntu moja tu nilimwambia jambo hili, mama mukwe, juu sikuweza kula naye sahani moja na uongo. Hakunifukuza.

Jumapili baada ya misa, nilisimama mbele ya wanamama, nikasema kosa la barua ni langu. Mama mukwe akainuka ku benchi.

"Muke wa mutoto wangu, mara ya kwanza ulikuwa hujui kusoma. Nikasema Mungu akusamehe. Sasa umesoma."

Akawaelezea yote, polepole, na jina la mutoto wake.

Wiki ile niliandika barua ingine. Nilitaja muto, gare, mashariki, magharibi. Nilipita nayo nyumba kwa nyumba, nikiomba wanamama watie sahihi. Wengine walisema kalamu imekauka. Moja aliniuliza, "Safari hii unataka kuua nani?"

Niliipeleka na sahihi moja chini, yangu.