Mawe ya Baba Kando ya Njia

Baba yangu hakuwa mtu wa kubembelezwa, wala mimi sikuwa. Ndiyo maana tulidanganyana kiangazi kizima.

Alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi kutoka kwetu Bukiriro hadi Rusumo. Mgongo ulipomkatalia, daktari akamwambia aache usukani. Mtoto aliyebaki nyumbani ni mimi, binti mwenye ualbino, na baba akaapa gari haliuzwi: ama nitaliendesha mimi, ama lioze uani.

"Na macho yake je?" mama akauliza.

"Macho anayo mawili, kama wewe." Loo, mzee yule!

Macho ninayo, ndiyo, ila hayatulii, yanacheza yenyewe, na jua likiwaka nabaki kukunja uso tu. Miwani ya hospitali hunisaidia kusoma kitabu nikikisogeza puani. Mtu aliye hatua ishirini namjua kwa sauti.

Baba akapanga mawe pande zote mbili za njia yetu, kutoka uani hadi barabara kuu, akayapaka chokaa ili nione kingo. Maskini baba! Hakujua kwamba kwangu mimi cheupe juani ndicho kinachoumiza kuliko vyote. Njia nzima iliwaka. Nikawa naishika kwa kuhesabu mitikisiko: tuta, shimo, shimo, kona ya mkaratusi. Yeye pembeni anasifu, "Umeona? Si nilisema mimi!" Ningemwambiaje? Mama alizoea kusema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nikausikia msemo ule kama anaambiwa jirani.

Mchana mmoja mama alikuwa anarudi kutoka shambani, jembe begani. Akatusikia tukija, mimi kwenye usukani, akasimama kando atupishe. Baba alipiga kelele, akaunyakua usukani, tukaishia migombani. Mama alikuwa ameketi vumbini, mzima.

"Hukumwona mama yako?"

"Sikumwona! Na hayo mawe yako siyaoni, tangu siku ya kwanza. Yananichoma macho!"

Nilimfokea baba yangu. Inaniuma mpaka leo.

 Alasiri yote alipiga magoti, na mgongo ule mbovu, akipaka mawe oili chafu, moja baada ya jingine, mpaka yote yakawa meusi.

Kesho yake asubuhi, jua halijawa kali, akaniketisha kwenye usukani. Injini hakuiwasha.

"Sasa unayaona?"

"Nayaona, baba." Na kweli niliyaona, yale ya karibu, matatu au manne.

"Haya. Nimemwambia mama yako asimame njiani. Nionyeshe alipo, basi gari ni lako."

Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Nilililia gari lile moyoni, na zaidi ya gari, nilitaka mzee yule asiwe amepiga magoti bure. Mbele, upande wa kulia, karibu na mkaratusi, palisimama kitu cheusi, kimetulia, kimo cha mtu. Furaha niliyoipata!

"Yule pale!" nikanyoosha kidole.

 Halafu sauti ya mama ikaja kutoka kushoto, karibu kabisa.

"Niko huku, mwanangu."

Nilikuwa nimeonyesha kisiki. Baba akachomoa ufunguo taratibu, akautia mfukoni. Mnunuzi kutoka Biharamulo alikuja wiki ileile, na baba akamwambia gari ni zima, halina tatizo lolote, ila nyumbani hakuna dereva.