Koti Jeupe na Majani ya Mzee Owuor

Kuna watu wakiniona mpaka leo wanajipangusa mabega kama wamemwagiwa kitu, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini ndani naungua, kwa sababu wao wanakumbuka majani tu, hawakumbuki nilichomfanyia Mzee Owuor.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza digrii ya uhandisi juzi tu, na chuo kimoja cha ufundi huku Kericho kikatuchukua vijana sita tufunzwe kufundisha maabara, wiki tatu, halafu mmoja aandikwe kazi (mmoja!). Mama yangu kule Sosiot alikuwa ameshaambia kanisa lote waniombee. Madam Chebet, aliyetufunza, alikuwa na sheria moja ambayo hakucheza nayo: usifundishe jaribio ambalo hujalifanya kwa mikono yako mwenyewe. Unalifanya Ijumaa, unatia sahihi kwa fomu, Jumatatu unafundisha.

Sasa Ijumaa hiyo tukapewa makoti meupe ya maabara, na mimi badala ya kwenda kujaribu mashine nikaona heri mama anione na koti kwanza, mashine ni mashine tu, itanishinda na nini, nikatia sahihi haraka haraka nikaenda zangu. Mama akanizungusha kwa majirani wote, mpaka pale wanapouzia majani ya chai, na mimi na koti langu kwenye matope, najiona mtu (aki ujana!).

Jumatatu asubuhi nikachukua ufunguo wa mashine kwa Madam, nikaingia. Jaribio lilikuwa la kunyausha chai: unatandaza majani mabichi juu ya wavu, feni kubwa inapuliza hewa kutoka chini, unapima maji yaliyopungua. Wanafunzi walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chai, watu wazima, na Madam alikuwa amekaa nyuma na kalamu. Nikamwaga majani kidogo tu. Mzee Owuor, ambaye kunyausha ndiyo kazi aliyofanya tangu mimi sijazaliwa, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani kidogo. Hayo majani ni machache, na mlango wa hewa umefunguka wote. Ukiwasha hivyo..."

"Mzee, maswali ni mwisho," nikamkata, nikatabasamu kuelekea kwa Madam ili aone navyojua kushika darasa.

Nikawasha. Woi! Majani yalipaa mpaka dari, yakarudi na maji yake ya mvua, yakatua kwa vichwa, kwa madaftari, kwa miwani ya Madam, na mimi nazunguka natafuta pa kuizimia feni sipaoni (ningepajuaje?), mpaka Mzee Owuor akatembea polepole, akabonyeza kitufe, kukawa kimya.

Madam akatoa jani kwa miwani, akachukua fomu yangu.

"Kibet, umeandika ulijaribu Ijumaa. Ilifanya hivi?"

Hapo ningesema ukweli. Ulimi wangu ukasema, "Hapana Madam, ilikuwa sawa kabisa. Nafikiri huyu mzee ameguza mlango wa hewa."

Mzee Owuor akaniangalia, halafu akaanza kuokota majani kwa daftari lake.

"Ufunguo wa hiyo feni nimekupa leo," Madam akasema, bila kupandisha sauti. "Ijumaa ufunguo ulikuwa kwa mkoba wangu, nilisahau kuuacha, nikaenda nao Bomet kwa mazishi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kazi alipewa mwenzangu Rose, na ilikuwa haki yake. Mimi nikabaki kufagia, koti limejaa madoa ya kijani, nawaza nitamwambia nini mama, mara nikasikia ufagio wa pili nyuma yangu. Alikuwa Mzee Owuor.

"Mwalimu," akasema, "siku nyingine tandaza majani mengi, halafu fungua hewa pole pole. Ni hivyo tu."

Aliniita mwalimu! Nikasema asante, lakini samahani ilikataa kutoka, na nilipokuja kupata ujasiri nikaambiwa amestaafu, amerudi kwao ziwani.

Siku hizi ni mimi nafunza wasaidizi wa maabara, chuo kingine. Mtu akiinua mkono nyuma ya darasa naondoa kidole kwa swichi, nanyamaza, namsikiliza mpaka amalize. Wanafikiri ni upole. Mimi huwa namwomba Mzee Owuor msamaha.