Mukono Juu ya Volant

Kalombo alikuwa muntu wa pompe. Yeye alikuwa anapenda bamuite machiniste, lakini kazi yenyewe ilikuwa kukaa pembeni ya mashini kubwa ya kusukuma mayi, uko chini ya muji ya Likasi, na kusikiliza kama inalia muzuri. Ile mayi ilikuwa inapanda ku usine, kiwanda ya kampani, na ile yenye inabakia inaenda mu kamp, kwa bantu ba kazi. Ikikatika, usine inasimama na bamama banabeba mabasani ku kichwa mpaka ku muto. Kazi ya kukaa, lakini ya kukaa kweli.

Juu ya ile, mu contrat yabo, ile karatasi ya kazi, mulikuwa article moya yenye bantu bote ba pompe balikuwa banaijua mu kichwa, ata benye habakufika ku masomo. Siku ya kukuandika kazi, shefu anakusomea ile article na mukono yako iko juu ya volant, ile gurudumu ya chuma ya kufunga na kufungula mayi. Mwenye iko ku poste hatoshe mukono yake kama mwenzake wa kumupokea hayatia yake juu. Mukono juu ya mukono, kisha njo unaenda kwako. Sirene ya kwanza inamuita mwenzako; akikawia, unamungojea mpaka sirene ya pili. Ikilia ya pili, kosa haiko yako tena, ni ya mwenye hakufika.

Na haikuwa maneno ya bule ya bazungu. Courant, ile umeme yenye inatoka ku Mwadingusha, ikienda na ikirudia mbio, na volant iko wazi, mayi inarudia nyuma na inapiga tuyau, ile bomba ya mayi, kama nyundo. Panatakikana muntu pale, afunge. Baba yake Kalombo alifanya ile kazi mbele yake, na hakuacha volant ata ile siku bibi yake alikuwa anamuzala Kalombo mwenyewe. Angalia sasa mutoto yenye alizala.

Ikafika ile miaka yenye kampani ilianza kuanguka. Leo usine inatumika, kesho inalala. Mushahara hakuna, banapana bunga ya mahindi. Na ile bunga habapatie bibi ya muntu, banapatia mwenye kazi mwenyewe, na uso yake. Ukikawia, unakuta banafagia sakafu. Njala ikaingia, bantu bakaanza kuuzisha vile kampani ilibavalisha: viatu, nguo ya bleu ya kazi, kaske. Unapita mu soko unakuta muuza makala iko na kaske ya manjano ku kichwa kama ingénieur. Bantu balikuwa banacheka. Kalombo naye alikuwa anacheka.

Siku moya asubui Philomène, bibi yake, akamusimamia ku mulango.

"Bunga inafika leo ku cantine. Unasikia, papa?"

"Nasikia. Lakini niko ku poste mpaka Camille afike anipokee."

"Basi ukirudia mukono bule, nitakupikia ile volant yako. Utaikula na majani ya sombe."

Bon. Sirene ya kwanza ya muchana ikalia. Kalombo akaangalia njia. Uko ku kona akaona kinga, ile baiskeli, inakuya, na juu ya kinga kaske ya manjano. "Ule ni Camille," akasema. Akatosha mukono. Sirene ilikuwa ingali inalia, yeye alishapita njia ya nyuma, anakimbia ku bunga.

Ile kaske ilikuwa ya muuza makala. Camille mwenyewe alikuwa bado mbali, pneu ya kinga yake ilitoboka, anaisukuma na anaingizamo majani juu iendelee. Muntu ya kazi muzuri, mupole, wa kulomba musamaha mbele ata haujamukanyanga.

Kalombo alikuwa mu ligne, ule mustari wa kungojea bunga, wakati courant ilienda. Radio ya mama muuza beignets ikanyamaza. Akajisemea, Camille iko pale, anafunga. Courant ikarudia. Kisha bote bakasikia sauti uko chini, boum, kama bantu ba mine bamewasha baruti. Mama moya akapiga kelele, "Yesu!" Bantu bakageuka kuangalia upande ya pompe.

Kalombo akajua. Miguu yake ilijua mbele ya kichwa. Lakini mbele yake kulikuwa bantu babili batatu tu, na mufuko ya bunga ilikuwa inaisha. Akabakia mu ligne. Ile ya kaske, Mungu anaweza kusamehe, macho inakosaka. Lakini alibakia mu ligne, akafungula mufuko yake, akapokea bunga.

Camille alifika akakuta tuyau imepasuka katikati na mayi inaruka juu ya nyumba ya pompe. Alifunga volant peke yake, mayi mu magoti. Kisha shefu Hénoc, mukubwa wa pompe, akabaita bote wawili.

"Kalombo, ulimupatia Camille mukono?"

"Hakufika, shefu."

"Ulingojea sirene ya pili?"

Sirene inalia na courant. Ile siku, courant ilikatika, ya pili haikulia. Hakuna muntu mu Likasi alikuwa anaweza kusema saa yake ilifika ao haikufika. Kalombo akaona ile kitobo, akapitiamo kama panya.

"Nilingojea sana, shefu. Nikawaza saa yake imeshapita, ni courant tu njo inakosa juu ilie."

Hénoc akamugeukia Camille. Camille, na pantalon yenye kumwaya mayi, akainamisha kichwa.

"Ni kweli, shefu. Minye njo nilikawia. Kinga ilitoboka." Na akamushika Kalombo ku mukono. "Yaya, kaka yangu, unisamehe. Nilikutesa na njala, siku ya bunga."

Kalombo akasema nini? Akasema, "Haina neno, ndugu."

Bakamufukuza Camille. Na kazi ikienda, nyumba ya kamp inaenda nayo. Akabeba bibi yake Émérence na batoto, bakaenda kupanga nyumba ya matafari mabichi ku Buluo, kutazamana na prison. Mu kamp bamama bakaanza safari ya muto, na kila mwenye kubeba basani alikuwa anatukana jina ya Camille. Kalombo anasikia, anaingia mu nyumba, anafunga mulango.

Kuanzia pale, kila bunga ikifika, Kalombo anakata sehemu, anaipeleka Buluo. Philomène alimuuliza, "Uko na bibi uko? Sema tu, nijue ni nani ninalisha." Akafunga mufuko, akatoka. Na uko Buluo, Émérence anapokea na mikono mbili.

"Papa Kalombo, bantu bote balitutupa. Weye tu njo haukutusahau. Kila asubui ninakutaja ku sala."

Alikuwa anarudia na ile maneno mu mugongo, mizito kuliko mufuko yenye alikuya nayo. Na wiki yenye kufuata anapeleka tena. Alikuwa anawaza bunga itamunyamazisha mwenye anasema mu roho. Bunga inashibisha tumbo, basi.

Siku moya Camille mwenyewe akakuya, na shati ya kupigwa pasi.

"Yaya, Mama Blandine alinunua moulin, mashini ya kusaga mahindi, anatafuta muntu wa kuikalia. Lakini anataka muntu wa kazi ya zamani akuye kunisemea. Nikataja jina yako."

Mama Blandine alikuwa mama wa kuuzisha ku kibanda, wa ile makanisa ya kusali na kelele, na hakuwa anamuamini muntu, ata pasta. Akabakalisha ku benchi, pembeni ya moulin.

"Kwangu pia kuko contrat," akasema. "Moulin yangu inakula ile ile courant ya Mwadingusha. Muntu mwenye kuachaka mashini peke yake, simutaki, ata akiimba kama malaika. Huyu Camille, njo mwenye alipasula tuyau?"

"Ni muntu muzuri, mama," Kalombo akasema. "Ni courant njo ilileta ile mambo."

"Courant haiandikwake kazi. Minye ninauliza bantu. Ile siku, weye ulimungojea mpaka wapi?"

Camille akajibu mbele yake, "Aliningojea sana, mama. Kosa ilikuwa yangu."

Na akamuangalia Kalombo, anamuchekea kidogo, juu ya kumutia nguvu. Ile kucheka njo ilimupasua.

"Sikumungojea," Kalombo akasema. "Nilienda sirene ikingali inalia. Nilienda ku bunga. Nikasikia tuyau inapasuka, nikabakia mu ligne."

Camille hakupiga kelele. Aliuliza tu, sauti ya chini, "Na ile bunga yenye ulikuwa unatuletea?"

"Ile pia ni juu ya ile kosa."

"Batoto yangu balikuwa banakuimbia, Kalombo." Hakusema tena yaya.

Camille akapata kazi. Kalombo akatoka pale akaenda mbio ku bureau ya shefu Hénoc, juu aseme yote, bamufukuze naye, bamunyanganye nyumba, iishe. Akamukuta Hénoc anafunga meza ya bureau na kamba juu ya pusu, ile kigari ya kusukuma na mikono.

"Shefu, ile tuyau, ni minye."

"Tuyau gani?" Hénoc akasema. "Pompe balishaiuzisha, haujasikia? Shika uko, meza isianguke."

Kalombo akashika meza. Hakukuwa tena muntu wa kumufukuza.

Siku ingine Philomène akamutuma na basani ya mahindi ku moulin. Muchana, bantu bengi. Camille alikuwa ku mashini, bunga ku kope za macho. Alipokea mahindi ya Kalombo, akasaga muzuri kama ya bantu bote, akamurudishia. Salamu hakuna. Kuangalia hakuna.

Pale pale mwenzake wa kumupokea akafika, Athanase, kijana wa kusemasema mingi. "Camille, enda, niko hapa!" Camille hakutikisika. Mukono yake ilikuwa juu ya chuma ya kufunga moulin, na akaiacha pale. Athanase anacheka, anatoa koti, anasalimia bamama. Camille anangojea. Mpaka Athanase akatia mukono yake juu ya yake.

Kalombo alikuwa amesimama na basani ku bega, anaangalia ile mikono.

"Papa, pisha, unafunga njia," mama moya mu ligne akamusukuma.