Kitambaa cha Manjano Kwenye Sanduku Langu

Sikuwa naota, wala sikuwa na homa. Yalinipata mchana, stendi ya Bumala, watu wamejaa.

Unajua masanduku ya bati ya shule. Yote meusi, yote sawa. Kaka yangu alinikatia lebo kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akatoboa jina langu kwa msumari na kuifunga kwa waya. "Karatasi italowa," alisema. "Hii utazeeka nayo." Mimi nikaona aibu. Wasichana wa Form Two wangesema nini? Asubuhi ya safari nikaifungua, nikaitia mfukoni.

Nilitaka kitu kizuri, cha kuonekana kutoka mbali. Sasa, kukhu, yaani nyanya yangu, tulikuwa tumemzika majuzi, na nguo zake zilikuwa nyumbani mwake zikingoja siku ya kugawa. Kwetu haziguswi kabla ya siku hiyo. Nilijua. Lakini nilikata ukanda mmoja tu, kwenye pindo la gauni lake la manjano, nikaufunga kwenye mkono wa sanduku. Nani angeona?

Nikapanda basi Malaba. Bumala nilipaswa kubadilisha gari, tena upesi, maana nikifika shuleni bila sanduku, bila yunifomu wala barua ya kuingia, ningerudishwa.

"Sanduku ya kitambaa ya manjano ni ya nani?" utingo akaita kutoka juu ya basi.

"Yangu," mama mmoja akajibu.

Alikuwa amenipa mgongo. Gauni la manjano. Pindo limekatwa.

Niamini, sauti ilikataa kutoka. Hata darasani mimi sijibu. Nikanyoosha kidole tu.

"We dada, ulimi umeacha Malaba?" utingo akacheka, akishuka nalo. "Haya, nani anajua kuna nini ndani?"

"Sweta mbili," yule mama akasema. "Sabuni ya kipande. Na daftari, amelificha ndani ya soksi ya kijivu."

Daftari lenyewe ni hili ninaloandikia. Hakuna mtu niliyemwambia.

Utingo alianza kumsogezea sanduku. Hapo nikakumbuka bati mfukoni. Nikalitoa, nikasoma jina langu kwa sauti, nikilia. "Kukhu, nisamehe."

Hakugeuka. Akafungua kitambaa taratibu. "Jina ni lake," akasema. "Hii ni yangu." Akapita katikati ya watu, na hakuna aliyempisha.

Utingo hakucheka tena. "Huyo mama hakupanda gari yangu," alisema.

Likizo ilipofika, nguo zilikuwa zimeshagawanywa. Shangazi akaniletea gauni la manjano. "Kukhu alisema hili ni lako. Alituambia kabla hajafa." Nikageuza pindo. Lilikuwa zima, bila mshono.

Sijawahi kulivaa. Nikisikia utingo akiita mizigo, lebo ya bati naishika mpaka vidole vinauma.

Wewe unayesafiri, chukua bati, msumari na waya. Ukitaka rangi, paka rangi. Lakini kitambaa, uliza kwanza ni cha nani, na kama ameshakiachilia.