Malkia wa Rede Benchini

Pu! Mpira wa matambara ukimpata mtu mgongoni hutoa mlio huo, mzito na mfupi, na aliyekua nao hausahau. Jumapili iliyopita niliusikia nikipita karibu na viwanja vya chuo pale Mazimbu, nikasimama na kapu langu la nyanya mkononi. Kina mama wazima, wengine na miwani yao, walikuwa wakicheza rede. Walikuwa na jezi, mistari ya chokaa, refa mwenye filimbi, na dada mmoja aliyekaa mezani akiandika pointi. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna tatizo. Ningemweleza nini, jamani? Kwamba zamani mimi ndiye niliyekuwa malkia wa mchezo huo?

Shule yetu ilikuwa juu kule Uluguru, ubavuni mwa mlima. Uwanja ulikuwa umeinama kiasi kwamba mpira ukikuponyoka ulijiendea wenyewe hadi kwenye matuta ya kabichi ya misheni, na mtunza bustani wa misheni alikuwa na fimbo. Ndiyo maana wasichana tulicheza rede, mchezo usiotaka nafasi kubwa. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, wengine mko katikati. Ukipigwa umetoka. Usipopigwa unainama haraka haraka kujaza mchanga kwenye chupa, na ukifanikiwa kuijaza na kuimwaga, wenzako waliotoka wanarudi. Ndiyo rede yote hiyo, lakini kwa ajili yake tulikuwa radhi kukosa uji wa saa nne.

Na mimi sikupigwa. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu. Waliniita Moshi. Nikiruka mpira ulipita chini, nikiinama ulipita juu, na kiuno changu wakati ule kilikuwa hakina mfupa. Kuanzia darasa la tatu hadi la sita nilikuwa wa mwisho kubaki katikati karibu kila siku, na nilitembea kama mtu anayejua hivyo.

Veronika alikuwa kinyume changu. Shamba la kwao lilipakana na letu, na shuleni tulikwenda na kurudi pamoja. Alikuwa mnene, mzito wa kugeuka, kwa hiyo alitolewa mapema kila siku. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyetoka kwanza ndiye anayekwenda kurusha, basi Veronika maisha yake yote ya rede aliyamaliza akidaka na kurusha, akidaka na kurusha. Nilimwonea huruma, huruma ile ya mtu aliyevimba kichwa.

Mpira wenyewe tuliushona kwa soksi zilizojazwa matambara, na soksi ndizo zilizotutesa, maana wengi wetu hatukuwa nazo. Mwalimu Sekela alikuwa nazo. Alikuwa mwalimu kijana, amehamishiwa kwetu majuzi tu, na baridi ya mlimani ilimwonea mpaka akavaa soksi ndefu za sufu, nyekundu, ambazo alizianika nyuma ya nyumba yake. Siku moja soksi mojawapo ilipotea. Siku ya tatu yake alipita uwanjani, akausimamisha mpira kwa mguu, akautazama kwa muda.

"Shikamoo mwalimu!" tuliitikia kwa pamoja, wakati hakuna aliyetuita.

"Marahaba. Hii siyo soksi yangu?"

Kila mtu alitazama miguu yake. Tulisubiri viboko. Mwalimu akavua kandambili, akakaza kanga kiunoni, akaingia katikati. "Haya, nani anarusha?" Veronika alimtoa kwa mpira wa kwanza, pu! ya kiunoni, na mwalimu akacheka mpaka akakaa chini.

Haukupita muda mrefu akashuka mjini, akarudi na mpira halisi wa netiboli. Alichimbia nguzo mbili za mkaratusi, na pete tukatengeneza kwa midomo ya ndoo kuukuu. Kisha akatangaza kwamba mwisho wa muhula shule kadhaa zitakutana mjini kushindana, wachezaji saba kila timu, kila mmoja na herufi yake kifuani. Nilitaka herufi ile. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine maishani kama nilivyotaka kipande kile cha kitambaa. Nilikwishajiona nimeivaa, na mama yangu akiwasimulia watu nje ya kanisa.

Siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu alinirushia mpira. Nikaukwepa. Niliukwepa vizuri sana, kwa kuzunguka na kuinama, ungekuwepo ungepiga makofi. Mpira ukaenda kwenye kabichi.

"Unaogopa mpira?"

"Siogopi mwalimu. Nimeukwepa."

Akarusha tena, nikaukwepa tena. Nilikuwa nataka kudaka, lakini mwili haukutaka. Na siyo mimi tu. Mabingwa wote wa katikati tulikuwa hivyo hivyo, tukikimbizana na mpira kwa kuukimbia. Wale waliokuwa wakitolewa mapema, wanyonge wetu, hawakuangusha hata mpira mmoja. Orodha iliposomwa, Veronika alipewa C, katikati ya uwanja. Mimi nikawekwa benchi. Nililia tangu shuleni hadi karibu na nyumbani, na Veronika aliyekuwa akitembea nyuma yangu nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kesho yake, njiani, peasi lilinipita karibu na sikio.

"Daka," alisema Veronika. "Usipodaka huli."

Kwao walikuwa na mipeasi mitatu na msimu ulikuwa umekolea, kwa hiyo silaha hazikumwishia. Wiki ya kwanza nilikwepa mapeasi yote nikalala na njaa ya hasira. Wiki ya pili nilidaka moja. Kufikia wiki ya mashindano nilikuwa nadaka matatu kati ya matano, na tumbo limeanza kuniuma kwa kuyala.

Uwanja wa mjini ulikuwa bapa. Mpira ukianguka ulibaki pale pale, na tuliushangaa kama kioja. Zikiwa zimesalia dakika chache tulikuwa sare na shule moja ya mjini, mara GA wetu, mmoja wa wafungaji wawili, akateguka mguu. Mwalimu alitazama benchi lote, na benchi lote lilikuwa mimi. Akanifunga herufi kwa mikono yake mwenyewe.

Pasi ya kwanza iliyonijia, nikaikwepa. Kiuno kilijiendea chenyewe.

"We, huyo anacheza rede!" walipiga kelele wasichana wa mjini, na wenzao wakaupata ule mpira wakafunga goli. Nilitamani ardhi ipasuke. Zilikuwa zimebaki sekunde tu Veronika alipoupata mpira, watu wamemzunguka, mimi niko peke yangu chini ya pete. Angeweza kumpa mwingine.

"Moshi! Peasi!"

Mpira ulipita katikati ya mikono ya watu watatu ukanitua kifuani, na nikadaka. Nikaukumbatia. Furaha iliyonishika sijui niielezeje. Nilisimama pale nimeukumbatia, natabasamu, namtazama mwalimu, nawatazama wale wasichana mmoja mmoja. Netiboli haikuruhusu kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Filimbi ikalia, mpira wakapewa wao, mechi ikaisha, tumefungwa kwa goli moja. Mimi bado nashangilia. Mwalimu Sekela alicheka mpaka akashikilia nguzo.

Veronika alichaguliwa timu ya wilaya, baadaye ya mkoa. Leo analima kabichi na karoti, na Jumamosi jioni anafundisha wasichana katika uwanja wetu ule ule, ambao wazazi waliuchonga kwa majembe hadi ukawa tambarare. Wana ligi ya shule za mlimani, na ratiba imebandikwa ukutani.

Pale Mazimbu niliwatazama wale kina mama hadi mwisho. Mrushaji mmoja alimkosa mwenzake mara tatu mfululizo, na ndipo likanijia wazo ambalo halikuwahi kunijia umri huu wote. Mkono wa Veronika ulimtoa mwalimu kwa mpira mmoja. Uliwatoa wenzetu wote, siku baada ya siku. Mbona mimi haukunipata?

Siku ya Jumanne Veronika aliposhusha kabichi sokoni nilimfuata, hata salamu sikuimaliza, nikamwuliza. Aliendelea kupanga kabichi zake.

"Mwenzangu, ukitolewa wewe ulikuwa unanuna. Unaondoka mbio, unaniacha narudi peke yangu njia yote ile."

"Kwa hiyo ulikuwa unanikosa makusudi? Miaka minne?"

"Na ilikuwa kazi!" alisema. "Ulikuwa unapenda kujileta kwenye mpira."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nilimpenda sana dakika ile, na niliona haya. Siku orodha iliposomwa nilidhani ameninyang'anya nafasi yangu, kumbe tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyekuwa akiniachia.