Bastola Sita za Nusu Bei

Sijui kwa nini nawasimulia hili, maana wapo kati yenu ambao bado wananiheshimu, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa Papa Selestini, ambaye kila akilisimulia anaongeza chumvi (safari ya mwisho nilisikia eti nilizimia, sikuzimia, nilichuchumaa tu).

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa napanga mafaili kwenye ofisi moja Silver Spring, kule Marekani, wikendi sina la kufanya, ndipo huyo Papa Selestini, jirani yangu Mkongo, fundi wa lifti, akanipeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha kule Riverdale Park. Msishtuke, si silaha za vita, ni bastola za upepo, zinasukumwa na gesi ya kimtungi kidogo kama kidole, na tunalenga ndani ya ghala la zamani. Waafrika tulikuwa saba, tukaunda timu. Mchezo wetu ulikuwa wa kasi: vibao vitano vya chuma vinasimamishwa mbele yako, unapewa sekunde kumi, uviangushe vyote. Sasa bastola za kuazima pale klabuni zilikuwa za risasi moja moja, unapiga, unafungua, unapachika nyingine, ukija kuinua kichwa muda umekwisha na umeangusha viwili. Kila mmoja wetu alihitaji bastola yake, ya risasi nyingi, na ya bei ya watu wanaotegemewa na ukoo mzima huko nyumbani.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoanza. "Niachieni mimi," nikasema. "Nitarisechi."

Wiki tatu nilikaa kwenye kompyuta nikisoma mabishano ya Wamarekani wanaotukanana kwa majina ya bandia, mpaka nikaanza kuongea kama niliyezaliwa kwenye kiwanda cha silaha badala ya Singida. Kisha nikawaita wote mgahawani, nikasimama mbele ya sinia la nyama choma, nikatoa hotuba. Nilikuwa nimeipata: nyeusi, nzito mkononi, inabeba gololi kumi na tano za chuma, na bei yake ni nusu ya zile zinazobeba risasi laini nane.

"Kumi na tano kwa nusu bei," nikawaambia. "Hata mtoto wa chekechea anaijua hesabu hiyo."

Dada Wambui, nesi wa kutoka Nyeri, akainua mkono. "Na umeijaribu kwa vile vibao vya chuma?"

"Dada'ngu, hili ni jambo la kitaalamu," nikamjibu. (Yangu ilishafika, na nilikuwa nimeijaribu sebuleni kwenye boksi la konfleksi, na boksi lilikufa vizuri sana. Klabuni sikuipeleka, eti nisiwape wapinzani siri.)

Watano wakaagiza. Wambui akasema "haya", akaendelea kula. Vifurushi vyao vilifika Alhamisi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kushindana na klabu kutoka Virginia, na mwenye ghala alishatuonya kwamba timu isiyomaliza mashindano inapoteza zamu yake ya Jumamosi mchana, saa pekee ambayo watu wa kazi kama zetu tunapumua.

Mwamuzi alikuwa bibi wa Kimarekani mwenye mvi na kikombe cha kahawa. Akaniuliza kama timu yetu imesoma karatasi ya sheria. Nikasema imesoma (mimi nilisoma ukurasa wa mbele, wenye ratiba ya chakula). Nikaomba nianze mimi.

Kengele ikalia, nikafyatua tano kwa mfululizo kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Ting! Kibao hakikuanguka, kilitikisika tu, na gololi ikarudi ilikotoka. Ting! Ya pili ikapita juu ya bega langu. Ya tatu sikuiona ilikoelekea, ila nilisikia kikombe cha bibi kikipasuka, kahawa ikamwagika juu ya karatasi zote za matokeo.

"Ndugu, masasi inarudia sisi!" Papa Selestini akapiga kelele (masasi kwao ni risasi), na ghala zima likalala chini, wazee wa Virginia na wake zao, na mimi nikachuchumaa, na kule kuchuchumaa nikabonyeza sijui nini, gesi yote ikaanza kutoka, fyuuuu, moshi mweupe, baridi inanichoma vidole, bibi anafoka "Weka chini!" na mimi vidole havifunguki.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Bibi akafungua ukurasa wa pili wa sheria, mstari wa kwanza kabisa: gololi za chuma ni marufuku kwenye vibao vya chuma.

"Nani aliwashauri hizi?" akauliza.

Vidole vitano vikanielekea. Havikusita hata kidogo.

Bastola sita zikaingia kwenye katoni. Hapo Wambui akafungua mkoba, akatoa bastola ya mtumba, imechubuka pande zote, ya risasi laini nane.

"Mimi nilimuuliza mwenye duka aliyeniuzia hii swali moja tu, kama ile yako inaangusha chuma," akasema. "Akacheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukaniambia ni jambo la kitaalamu. Umetuchomea, Elibariki, umetuaibisha."

Bibi aliruhusu waazimane ile moja. Gesi ikitumika kwa haraka inaipoza bastola na risasi zinakosa nguvu, kwa hiyo kila mtu akimaliza Wambui anachomoa magazini ya risasi, anaiweka bastola kwapani ipate joto, kama anampima mgonjwa homa, kisha anampa anayefuata. Walipiga sita. Mimi nilizuiwa, nikapewa taulo nikaushe kahawa. Virginia walitushinda kwa vibao vinne, lakini tulimaliza, na zamu yetu ya Jumamosi ikabaki.

Ushauri nimeacha kabisa. Na siku hizi hata nikienda kununua feni, namuuliza muuzaji kama inapuliza. Ananitazama kama mwehu. Nami nasimama pale pale mpaka aiwashe.