Msumari wa Chini

Vidole alipewa jina na wazazi wake kama watu wote, lakini tangu aanze kazi ya kaunta kwenye mkahawa wa shangazi yake, hakuna aliyelikumbuka tena. Miaka kumi na tisa alikaa juu ya kiti kile kile kirefu, mbele ya mashine ya risiti, akibonyeza kwa kasi mpaka wateja wanasahau walichotaka kuagiza, wamebaki kumtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Ukimwambia jambo haliwezekani, basi umemchokoza.

Na mwaka huo alichokozwa kwelikweli. Barabara ya mbele ilichimbwa mtaro ikazungushiwa mabati, na mteja wa kuingia kwa miguu ilibidi kwanza avuke ubao kama mwizi. Wengi hawakuona sababu. Kilichobaki kuushikilia mkahawa ni oda za kwenye simu: mtu yuko kwake, anachagua chakula kwenye app, dereva wa pikipiki anazunguka mlango wa nyuma kuja kukichukua. App zenyewe zilikuwa tatu, kila moja na tableti yake, na zote zililia mbele ya Vidole. Yeye asome oda kwenye tableti, kisha aiandike upya kwenye mashine yake ili karatasi itoke jikoni. Ikifika saa saba mchana zinalia zote kwa pamoja kama vifaranga vyenye njaa. Siku moja wali wa huyu ukapelekwa kwa yule. Siku nyingine oda nzima ikasahaulika, na Vidole, ambaye hakuzoea kukosea, akaenda stoo akalia. Alirudi amenawa uso, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Ndipo alipomganda shangazi yake. Mashine ya kaunta iunganishwe na hizo app, oda iingie yenyewe mpaka jikoni bila kupita mikononi mwa mtu. Shangazi hakutaka hata kusikia. Alisema mashine zikianza kuongea zenyewe kwa zenyewe, siku moja zitamsengenya na yeye. Kesho yake Vidole akalirudia ombi lake, na kesho kutwa tena, wiki mbili mfululizo, mpaka mama wa watu akasema haya, muite huyo fundi tupumzike.

Fundi wa kompyuta akaja, akashinda kutwa akioanisha kila chakula cha kwenye app na mwenzake wa kwenye mashine: kuku na kuku, samaki na samaki. Asubuhi iliyofuata oda ya kwanza iliingia, karatasi ikatoka jikoni, na Vidole hajagusa kitu. Alicheka peke yake pale kaunta. Tableti zote tatu akazifungia kabatini.

Furaha hiyo ilidumu siku tatu. Ya nne, mtu akaagiza kuku, app ikampokea vizuri, na kumbe jikoni kuku kaisha zamani. Ikabidi oda ifutwe na mwenyewe aombwe radhi. Kesho yake samaki, tena samaki, kisha maharage. Wiki haijaisha, zimefutwa nane. App kubwa, ile iliyoleta karibu oda zote, ikaandika barua isiyo na salamu: zikifika kumi kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mkahawa unaondolewa.

Shangazi aliisoma mara mbili, akavua miwani. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alifungua funguo za mkahawa kiunoni, zile ambazo tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwachia mtu, hata mwanawe wa kumzaa, kila alfajiri anafungua mwenyewe, akazitia kwenye bahasha.

"Tukitolewa Ijumaa, jioni hiyo hiyo nampelekea mwenye nyumba," alisema. "Nimechoka, mwanangu."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na aliyeyavulia ni Vidole. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwasha. Lakini hakwenda stoo safari hii. Alikwenda jikoni.

Jikoni kulikuwa na ufalme wa mzee mmoja aliyeitwa Mwiko, mpishi tangu mkahawa ulipofunguliwa. Mzee huyu hakuwa na simu wala hakuitamani. Alikuwa na sufuria saba, mifuniko saba, na misumari saba ukutani, mkabala na dirisha la kupitishia sahani. Sufuria ikiisha, anautundika mfuniko wake msumarini. Basi. Miaka yote Vidole alikuwa kila akipokea oda anainua macho dirishani, anaona kuku katundikwa, anamwambia mteja kuku hakuna. Aliifanya kama mtu anavyopepesa macho, wala hakujua kwamba anaifanya. Alipomweleza fundi kazi yake, alitaja kila kitu ila hiyo mifuniko. Na sasa oda zinapita zenyewe, macho yake hayainuki, na app haina dirisha.

Alitaka kujipiga kofi. Badala yake alimpigia fundi simu, na fundi akamwonyesha namna ya kukifunga chakula kwenye mashine ya kaunta ili app nazo zikifiche. Ila akamtahadharisha kwamba habari hiyo huchukua dakika mbili, pengine tatu, kufika kote. Vidole akageuza kiti chake kikatazama dirisha. Jumatano mchana samaki akatundikwa. Akamfunga papo hapo. Dakika moja baadaye oda ya samaki ikaingia. Hiyo ikawa ya tisa.

Alhamisi aliwahi jikoni kabla moto haujakolea, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema shida yake: mzee wangu, naomba uwe unatundika mfuniko wakati bado zimebaki sahani tatu, ili zile dakika mbili zisitukamate.

Mwiko aliweka kisu chini. Alimuuliza anamwona yeye ni mtu wa namna gani. Mteja kakaa pale ndani, anaona mfuniko uko juu, anaondoka na njaa yake, na chakula kimo! Huo ni uongo, tena uongo wa chakula, na yeye alifundishwa kazi na watu waliomwambia kwamba mpishi anayeficha chakula ni mwizi aliyevaa aproni.

"Mfuniko wangu haujawahi kudanganya mtu, binti," alisema. "Sitauanzisha uzeeni."

Mwingine angebembeleza, angemwita shangazi aje kuamrisha. Vidole alirudi kaunta akakaa, amenuna. Alinuna saa nzima. Na kilichomkera zaidi ni kwamba mzee alikuwa na haki.

Saa tisa, wateja wamepungua, aliingia tena jikoni, nyundo mkononi na misumari saba kwenye mfuko wa gauni. Hakuomba ruhusa. Chini ya kila msumari wa zamani, kiasi cha mkono mmoja, akapigilia mwingine. Mwiko alisimama anamtazama, mikono kifuani.

"Wa juu ni wako, maana yake imeisha, kama siku zote," Vidole alimwambia. "Wa chini maana yake zimebaki tatu. Hapo hakuna uongo, mzee wangu. Umesema tatu, na tatu zipo."

Mzee aliugusa msumari mmoja, akautikisa kuona kama umeshika. Akasema umekwenda upande. Akachukua nyundo akaunyoosha, kisha akainyoosha na ile sita iliyobaki, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Ijumaa mchana oda zilimiminika. Saa saba na nusu mfuniko wa kuku ukashuka kwenye msumari wa chini, na Vidole akamfunga kuku kabla haujaacha kucheza. Akatazama saa ya ukutani. Printa ya jikoni ikalia: kuku mmoja. Zimebaki mbili. Ikalia tena: kuku. Imebaki moja. Na hapo hapo, bila huruma, akaingia mwalimu mstaafu, suruali ina tope la mtaroni, mteja wa miaka mingi, akaomba kuku.

"Yupo," Vidole alisema. "Ila nipe dakika moja, mwalimu."

Mwalimu akasema yeye ni mstaafu, dakika anazo tele. Shangazi alisimama kwenye mlango wa stoo, bahasha kwapani. Mshale wa saa ulijikokota. Dakika ikapita, na nusu nyingine, na printa ikawa kimya. Vidole akafungua app kwenye simu yake: kuku hayupo kwenye orodha.

Alinyoosha mkono dirishani, akachukua sahani ya mwisho, akampelekea mwalimu mezani mwenyewe. Nyuma yake alimsikia Mwiko akiuhamisha mfuniko kwenda juu.

Siku ile mifuniko yote saba ilipita msumari wa chini, na saa kumi na mbili ikagonga oda zilizofutwa zikiwa zile zile tisa. Shangazi alizitazama hesabu hizo kwenye simu ya Vidole kwa muda mrefu, kisha akaichana bahasha. Funguo hakuzirudisha kiunoni.

"Kesho ufungue wewe," alisema. "Mimi nataka kulala mpaka jua litoke."

Vidole alizipokea kwa mikono miwili.